Shimo ya zahabu yenye kujichimba yenyewe

Katika muchezo wa ordinatere wenye kuitwa Age of Empires IV, kuko shimo ya zahabu yenye kujichimba yenyewe. Mutoto anachagua ufalme wa Mali, anaweka shimo karibu na fasi yenye zahabu, basi, mali inaanza kuingia. Hakuna mutu anashuka. Hakuna taa, hakuna kofia, hakuna zamu ya usiku. Na akijenga nyumba kando-kando ya shimo ile, zahabu inazidi.

Sisi watu wa shimo tukiona vile tunacheka kwanza, kisha tunanyamaza.

Tunaandika juu ya muchezo huu kwa sababu, kwa mukutano wa mwezi uliopita, wandugu fulani waliomba tufunge chumba cha ordinatere ndani ya nyumba ya sendika. Walisema watoto wanakuja mule kupiga vita vya wafalme wa zamani badala ya kusoma. Mama mumoja aliongeza kwamba mutoto wake, mutoto wa kanisa, alirudi nyumbani na kusema yeye ni mufalme Mwislamu. Tumesikia. Lakini sisi wengi wa halmashauri tunasema chumba kibaki wazi, na sherti tueleze sababu, maana wenye kupiga kelele mingi hawajakaa hata dakika kumi mbele ya ekra.

Kwa wazazi wasiojua: muchezo ule ulitoka mwaka 2021. Hapana kama dama, fasi mumoja anangojea mwenzake amalize. Hapa wote wanatembea mara moja, na saa haisimame. Kila muchezaji anapewa taifa moja la zamani: Waingereza, Wafaransa, Wachina, Wamongolia, Waabasi wa Baghdad, Usultani wa Delhi, na wengine. Mali iliongezwa mwezi wa 10 mwaka 2022, pamoja na Waturuki wa Ottoman. Unaanza na wafanyakazi wachache. Wanakata miti, wanatafuta chakula, wanachimba mawe na zahabu. Ukipata mali ya kutosha unapanda toka wakati moja kuingia ingine, unafanya askari, na mwisho unaenda kubomoa majengo makubwa ya adui. Ni ile tu. Mutoto mwenye kucheza vizuri anajua kuhesabu haraka kupita wengine wenye cheti.

Sasa, juu ya nini Mali? Hatukuwaambia watoto wachague. Wamechagua wenyewe, na tunaelewa. Vitabu tulivyosoma sisi shuleni vilianzisha habari ya Afrika na mashua ya Diogo Cão na safari za Stanley, kama vile mbele yao hakukuwa hata sultani mumoja mwenye akili. Katika muchezo, mutoto wa Likasi anakuta Waafrika wamepangwa katika mustari mumoja na Wafaransa na Wachina, na anaweza kuwashinda. Ile ufalme haikutungwa na watu wa michezo. Sunjata Keita aliisimamisha katika karne ya 13. Mansa Musa, mufalme Mwislamu, alipita Cairo mwaka 1324 akienda kuhiji Makka, na aligawa zahabu mingi sana mpaka bei ya zahabu ikaanguka. Al-Umari, mwandishi Mwarabu aliyefika Cairo miaka kidogo nyuma, anasema bei ilikuwa bado haijapanda vizuri. Mutu mumoja alipita sokoni, na soko ilisikia kwa miaka mingi! Sisi wa Kolwezi, wenye kuamka kila asubuhi kuuliza bei ya kobalti imeshuka wapi, tunajua maana yake.

Na juu ya uislamu, mama, usiogope. Kasongo na Maniema yote iko na ndugu zetu Waislamu toka zamani, na tunashuka nao ku shimo kila siku. Wakati jiwe linaanza kulia juu ya kichwa, hakuna mwenye kuuliza jirani yake anasali siku gani. Mutoto akijua kwamba Waislamu walikuwa na wafalme wenye vyuo na misikiti mikubwa Timbuktu, imani yake haipungue.

Ile tunapenda katika kucheza Mali ni kwamba nguvu yake haiko ku chuma na farasi wazito. Iko ku mali. Askari wake ni wepesi. Wengi wanatembea kwa miguu, na kuko wanamuke wanaoitwa Musofadi, wasichana wetu wanawapenda sana. Kuko zizi la ngombe la kuleta chakula. Kuko minara yenye kukamata kodi wakati wachuuzi wanapita, na hapa wazee wote wa chumba walisema mara moja: bariera! Lakini kiini ni shimo. Na shimo haiko katikati ya muji. Iko fasi zahabu iko, mara mingi pembeni, na adui mwerevu hapigi ngome, anatuma farasi kidogo kupiga shimo. Mutoto asiyelinda mashimo yake anaanguka mbele ya kuona askari wa adui ku mulango. Ni fundisho la kweli: kama unaishi kwa shimo, sherti ujue nani anailinda na nani anakula faida yake.

Lakini sasa tuongee ile muchezo unaficha.

Mufanyakazi wa muchezo anagharimu chakula 50. Unamulipa mara moja, siku anatoka, na kisha anatumika mpaka mwisho bila kula tena, bila mushahara, bila kugonjwa kifua. Hana mwana wa kupeleka shuleni. Hakuna shimo inaanguka juu yake. Asipouawa na adui, hakufi. Na ku shimo ya Mali, tumesema, hata yeye hahitajiki. Mufalme iko, zahabu iko, katikati yao hakuna mutu. Kwa mwenye kutengeneza muchezo ni njia ya kurahisisha tu, hatumushitaki. Ila mutoto wa muchimbaji akicheza vile miezi sita bila mutu wa kumusemesha, ataanza kufikiri kama wakubwa wa kampani: zahabu inatoka kwa sababu mimi niliamuru.

Na habari ya kweli ya Mali ilikuwa kinyume kabisa. Al-Umari huyo huyo ameandika jambo tungependa kila delege ajue. Anasema wafalme wa Mali hawakuwatawala wachimba zahabu kama walivyotawala wengine. Walijaribu. Kila mara walipokamata muji wa zahabu, dini yao ikaingia na mwito wa sala ukasikika, zahabu ya pale ilianza kupungua mpaka kwisha, na ile ya majirani wapagani ikazidi. Basi wafalme wakaacha. Wakawaachia wachimbaji inchi yao na desturi yao, wakapokea ushuru tu.

Watu wengine wanasoma maneno haya kama uchawi. Sisi wa sendika tunayasoma kwa macho ingine. Zahabu haijui dini ya mutu. Haikimbie toka kilima moja kwenda kingine kwa sababu umesikia sauti ya mwadhini. Wenye kujua fasi iko ni wachimbaji, na wachimbaji wakikataa namna wanatawaliwa, zahabu "inakwisha". Mufalme tajiri kupita wote wa dunia yake alisherti kuwasikiliza watu wa shimo! Katika ordinatere hakuna batani ya jambo hilo. Hapa kwetu, Desemba 1941, wafanyakazi wa Union Minière waliacha kazi juu ya mushahara, na jibu lilikuwa risasi ku Élisabethville tarehe 9, Léonard Mpoyi akafa pale. Kwa hiyo tunajua pia kwamba si kila mufalme anasikiliza kama wa Mali.

Hatutaki kupamba Mali kama paradizo. Ibn Battuta alipita kule mwaka 1352 na 1353. Ku Taghaza, katikati ya jangwa, aliona watumwa wakichimba chumvi, wakiishi ndani ya nyumba zilizojengwa kwa mawe ya chumvi, chakula chao kikitoka mbali na ngamia. Ku Takedda aliona watumwa, wanaume kwa wanamuke, wakichimba shaba, na waliiyeyusha ndani ya manyumba, wakifanya vyuma virefu vilivyotumiwa kama franga sokoni. Mukuba, wandugu! Wengi wanafikiri Mali ni zahabu tu. Mansa Musa mwenyewe, vile al-Umari alivyoandika, alisema mukuba wake ulipelekwa ku inchi za wapagani na kuuzwa kwa zahabu: vipimo 100 vya mukuba kwa vipimo 66 na sehemu mbili za tatu vya zahabu. Hesabu ile, soma mara mbili, kisha angalia kalata yako ya mushahara.

Katika miaka ile ile, huku kwetu, babu zetu walikuwa wanayeyusha mukuba na kumwanga misalaba midogo. Imepatikana ndani ya makaburi ya Sanga, kando ya Ziwa Kisale. Ufalme wetu hauko ndani ya muchezo. Mukuba wetu ndio uko, ndani ya nyuzi za ordinatere, na kobalti yetu ndani ya betri.

Turudi ku nyumba zenye kujengwa kando ya shimo, maana pale ndipo tunakasirika kidogo. Muchezo unasema: jenga nyumba karibu, utapata zahabu zaidi. Kasulo, hapa Kolwezi, ilijaribu. Toka mwaka 2014 watu walichimba kobalti ndani ya lupango, chini ya chumba cha kulala, chini ya jiko. Franga iliingia, ndiyo, hatutasema bongo. Lakini kuta zilipasuka, vijana walibaki chini, na kisha kuko familia zilizohamishwa. Na mwezi wa 6 mwaka 2019, udongo ulipoanguka juu ya wachimbaji wa mukono, wale tunaita creuseurs, karibu na Kolwezi, watu zaidi ya 40 walikufa. Mutoto wa hapa akiweka nyumba kumi kuzunguka shimo ya Mali na kushangilia, mutu mukubwa iko na kitu cha kumuambia. Hapana kwa kumupiga ama kuzima mashini. Amuulize tu: wale wa nyumba ya tatu, maji wanachota wapi?

Tulijaribu hivyo majuma tatu ya nyuma. Muzee mumoja wa pensioni, aliyefanya miaka 31 chini, alikaa nyuma ya vijana wane wenye kucheza Mali na Waabasi. Hakuelewa batani hata moja. Lakini kila mara shimo ilipojengwa alisema kwa sauti watu wangapi walihitajika kwa kazi ile siku zake, na nani alikuwa wa kuweka miti ya kushikilia juu. Vijana walicheka, kisha mumoja akaanza kuandika. Siku hiyo walicheza kidogo na kuuliza mingi, mpaka mulinzi akaomba funguo.

Kufunga chumba, basi, ni kutupa kitu chenye kutusaidia. Vijana wale hawatakuja kusikiliza mafundisho ya sendika siku ya posho hata tukitoa fanta. Mbele ya Mali, wanakaa. Mwenye kutaka watoto wasipoteze saa, tunakubaliana naye, na halmashauri imependekeza hivi kwa kura ya juma ijayo: wanafunzi wasiingie mbele ya saa nane, hata siku moja, mwisho saa kumi na mbili, na chumba kisifunguliwe kama hakuna mutu mukubwa mumoja, mwanaume ama mama, aliyefanya kazi ya shimo ama mwenye kuishi nayo nyumbani.

Wazee wa pensioni wanaotaka kukaa zamu waandikishe majina kwa mulinzi. Ordinatere ziko tatu, lakini moja ekra imekufa. Mwenye kuwa na ya zamani nyumbani, ailete tuone kama inaingia.