Mahakama Inayokaa Baa

Kila mwaka, baridi inapoanza kuuma, wakulima wa Laxton, kijiji kidogo cha Nottinghamshire nchini Uingereza, huingia shamba la ngano na kupigilia vigingi vya mipaka. Mkulima aliyemega njia ya wote kwa trekta lake huandikiwa faini. Siku chache baadaye mahakama yao hukaa kuthibitisha faini hizo. Hukaa wapi? Baa.

Wapo wanaoiona kama maigizo ya kufurahisha watalii. Wanakosea. Karne za 18 na 19, sheria za Bunge ziligawa mashamba ya pamoja karibu kote Uingereza, na wanyonge wakapoteza malisho. Laxton ilisalimika. Mashamba yake 3 makubwa bado yamekatwa vipande, na kila mwaka moja hupumzishwa. Ramani ya kijiji hicho aliyochora Mark Pierce mwaka 1635 ingali inasomeka kama picha ya jana.

Halmashauri za parokia, yaani serikali za vijiji zilizoundwa kwa sheria ya 1894, hushughulikia mambo mengine ya vijiji. Ila mtaro ulioziba huko Laxton hukaguliwa na jirani anayelima kando yake, na faini, hata ikiwa ndogo, huuma kwa sababu ya jicho la jirani huyo.

Tatizo ni moja: wengi wa wakulima hao ni wapangaji. Serikali ilinunua ardhi hiyo mwaka 1952, ikapita mikononi mwa milki ya Kifalme mwaka 1981, na mwaka 2020 ikanunuliwa na milki binafsi ya Thoresby Estate. Mahakama hiyo inaamua mipaka na mitaro. Mwenye ardhi anabadilika juu ya vichwa vyao.