Hakuna Aliyewahi Kutuma Koli Lofoi

VUMBI LA WIKI
Na Papa Vumbi

Godoro lilipanda bisi, begi la mtoto likabaki chini. Habari yenyewe ndiyo hiyo, na mwenye haraka anaweza kuishia hapa akageuza ukurasa akasome mpira.

Wengine nisikilizeni. Alhamisi asubuhi nilikuwa kwenye ajansi moja ya bisi hapa Kolwezi. Siitaji jina, nitaihitaji tena. Shule zimefunga, baridi ya Julai inauma masikio, na uani pale huoni ardhi kwa mabegi. Nilimsindikiza mpwa wangu anayerudi Likasi. Mpwa alikuja na mfuko mmoja, akapanda, akaketi dirishani, tukaagana. Nilipogeuka niondoke ndipo nikaiona ile familia.

Baba, mama, watoto watatu. Baba ni fundi umeme katika mgodi mmojawapo wa hapa kwetu na amepata likizo yake ya mwaka. Msisahau likizo ya mwaka ni kitu gani katika nchi hii. Sheria ya kazi ya 2002 inampa mtu mzima angalau siku moja ya kazi kwa kila mwezi kamili aliotumikia. Mwaka mzima wa zamu za usiku, siku 12. Akivumilia miaka mitano kwa mwajiri yuleyule, anaongezewa siku moja, kama mtoto anavyopewa peremende akinyamaza kwa daktari.

Siku zake hizo bwana huyu alizileta pale ajansi pamoja na godoro lililokazwa kwa kamba za mpira, magunia ya viazi vitamu, dumu la asali, kuku waliofungwa miguu, televisheni mbovu inayokwenda kwa fundi, katoni ya samaki wakavu, na bahasha za kaki ambazo mama alizibana kwapani asije akaibiwa. Mizigo yao wenyewe ilikuwa valizi moja, na begi la shule la mtoto mdogo lenye sweta na mpira.

Nikamuuliza kwa upole, maana mimi ni mtu mpole, shemeji yangu wa Likasi aseme atakavyo: "Papa, munaenda konje ao munahama?"

Akacheka kicheko cha mtu aliyechoka kabla ya safari. "Yaya, hii yote ni ya watu."

Ya watu gani? Nikataka kujua, kazi yangu ni kutaka kujua. Godoro ni la jirani mwenye kijana anayesoma Lubumbashi. Viazi ni vya mama mmoja wa kanisani, anampelekea dada yake. Asali ni ya mkubwa wa kazini. Televisheni ni ya binamu, na binamu amesema mafundi wa Kolwezi hawakijui kioo. Kuku ni wa mtu ambaye hata baba mwenyewe hakumkumbuka jina. Alikuja nao usiku, akasema "mutanisaidia", akaondoka.

Kijana wa mizani akapima, akapiga hesabu, akataja faranga za kilo zilizozidi. Baba akalipa. Yeye ndiye aliyelipa! Nilitazama huku na huku nikidhani mwenye godoro atatokea nyuma ya ukuta na noti mkononi. Hakutokea mtu. Kisha kijana akasema tumbo la bisi limejaa, kitu kimoja kibaki kije na bisi ya mchana. Mume na mke wakatazamana. Godoro haliwezi kubaki, lina mwenyewe. Kuku hawawezi kubaki, watakufa. Asali ya mkubwa haijadiliwi. Likabaki begi la mtoto, kwa sababu mtoto hana cheo.

Mtoto mwenyewe hakulia. Aliuliza tu: "Papa, tutaenda ku zoo?"

"Tutaona," baba akajibu, bila kumtazama.

Nitawaambia watakachoona. Bisi itapita Fungurume katikati ya foleni ya malori, kama ilivyo desturi yake. Itapita Likasi. Itamaliza kilomita zake kama 300 na kuwashusha Lubumbashi wakiwa na vumbi hadi kwenye kope. Kesho yake, godoro Ruashi. Keshokutwa viazi Katuba, na mama wa viazi hayupo, mrudi jioni. Bahasha Kampemba, na huko huwezi kukabidhi ukaondoka. Utaketi, utaletewa chai, utaulizwa habari za kila aliye hai Kolwezi na za waliokufa, kisha utapewa bahasha nyingine ya kurudi nayo. Fundi wa televisheni atataka alipwe kwanza. Kuku mmoja amekufa njiani na mwenyewe kapiga simu tayari. Asubuhi moja baba ataamka akute siku zimekwisha, na simba wa zoo ya Lubumbashi yupo palepale, hajaonwa na mtoto yeyote wa Kolwezi.

Mnaona tunavyopanga likizo. Mtu hakai na mke wake na watoto wakauliza: tungependa kuona nini? Kwanza habari inavuja kazini kwamba fulani amepewa siku zake. Jioni hiyohiyo koli ya kwanza, yaani mzigo wa mtu wa kupelekwa, inabisha hodi. Koli ndizo zinazochagua mji. Mji unachagua shangazi wa kulala kwake. Shangazi anachagua siku ya kuondoka, maana kuna matanga au harusi ambayo hamuwezi kuikosa mkiwa palepale. Msafiri anabaki na kazi moja tu, kulipa nauli.

Ndiyo maana familia zetu hazijawahi kufika Lofoi. Maporomoko yale yako katika hifadhi ya Kundelungu, iliyoanzishwa 1970. Maji yanaanguka zaidi ya mita 300. Mosi-oa-Tunya ya Zambia, ambayo wakubwa wetu wenye jeep wanaivukia Kasumbalesa kwenda kupigiwa picha wakiwa na makoti ya mvua, ina mita 108. Lakini hakuna aliyewahi kutuma koli Lofoi. Hakuna shangazi anayekaa Lofoi. Basi Lofoi haipo.

Najua mtaniandikia kwamba barabara ni mbaya, na kwamba kiangazi maji yanapungua. Kweli. Upemba nako, hifadhi tangu 1939, wanakojificha punda milia wa mwisho wa nchi hii, simtumi mtu kabla hajauliza hali ya usalama. Haya, Nzilo je? Ziwa lile limetokana na bwawa lililojengwa miaka ya 1950 kuzuia Lualaba ili migodi ipate umeme, na haliko mbali na sisi. Kuna mtu amezaliwa Manika, akasoma Manika, akaoa Manika, umeme wa Nzilo umemwashia taa maisha yake yote siku unapokubali kuwaka, naye hajawahi kuyaona yale maji. Muulize Kampemba iko wapi, anakuchorea ramani, pamoja na namba ya lango.

Na Bunkeya, mji wa mtawala M'siri. Watoto wetu wanafundishwa habari zake shuleni. Wanajua alitoka Unyamwezi, wanajua alipigwa risasi tarehe 20 Desemba 1891. Bunkeya iko hapahapa Lualaba, wilaya ya Lubudi, na sijaona baba akifunga valizi akisema tunakwenda kuwaonyesha watoto Bunkeya.

Kwa kuwa tumemtaja M'siri, ngojeni kidogo. Shaba na pembe za nchi hii zilitembea mpaka pwani mabegani mwa watu, na Wanyamwezi walikuwa mabingwa wa kazi hiyo. Hata msafara wa Stairs uliokuja kuitwaa nchi ya M'siri ulitembea kwa miguu ya wapagazi waliochukuliwa Zanzibar. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa karibu kilo 30. Ilikuwa kazi ngumu na wengi waliifia njiani. Lakini mpagazi alikuwa na mshahara na posho ya chakula, na akizidishiwa mzigo aliutua chini akagoma. Fundi umeme wetu wa mwaka huu, mwenye diploma, amebeba godoro la mtu mpaka Ruashi na amelipa yeye.

Turudi ajansi. Nikamuuliza baba: "Na mutalala wapi?"

"Kwa yaya yangu, Katuba. Kule hatulipi kitu."

Hapo ndipo nilipovua miwani. Hawalipi kitu! Mama alikuwa amekalia mfuko wa unga, na huo haukuwa wa watu, ulikuwa wao wenyewe: wa kuingilia kwa yaya, kaka mkubwa wa baba. Kulikuwa na kitambaa cha mke wa yaya na viatu vya watoto wa yaya. Wakishafika, nyama ya kila Jumapili itawangoja wao, dawa ya bibi itawangoja wao, na bili ya umeme iliyolala tangu Pasaka itaamka siku wanayoshusha valizi. Usiku watoto watatu watalala sebuleni juu ya mkeka, na hawawezi kulala mpaka mgeni wa mwisho wa mwenye nyumba amalize bia yake. Mama hatapumzika hata siku moja. Ataamka kabla ya jogoo asonge bukari ya watu kumi na zaidi, maana wifi anayelala mpaka jua limepanda huzungumzwa katika ukoo mpaka anazeeka.

Hoteli je? Msinichekeshe. Katika ukanda huu wa shaba vyumba vinatajwa kwa dola, na bei imepangwa kwa mtu ambaye risiti yake italipwa na kampuni. Mwenye hoteli hakufikiria familia hata dakika moja. Ukifika na watoto watatu, kijana wa mapokezi anakutazama toka kichwani hadi miguuni, kisha anakuuliza uko na kampuni gani. Lakini misheni zina nyumba za wageni, Lubumbashi na kwingineko: kitanda safi, ndoo ya maji ya moto, chai asubuhi, na masista hawakuulizi bili ya umeme ya nani. Jumlisheni kilo zilizozidi, unga, kitambaa, viatu na nyama ya Jumapili, mseme kama msingeweza kulala misheni siku tatu na kumsalimia yaya mchana, mkiwa mmeoga.

Mtasema Papa Vumbi amechukia undugu. Shemeji wa Likasi ameshasema. Ninaupenda undugu sana, hasa ule unaolipia kilo zake. Mwenye lile godoro, baba aliniambia, ana gari. Gari zuri. Huenda Lubumbashi kila mara, na huenda na buti tupu, kwa sababu hataki vumbi la godoro kwenye viti.

Katika mkoa huu ninakijua kitu kimoja tu kinachosafiri kwa raha, nacho ni shaba. Sasa imeanza tena kushuka kwa reli mpaka Lobito, baharini. Desemba 2024 rais wa Marekani, Joe Biden, alikwenda Lobito kwa ajili ya reli hiyo. Hakuna aliyemkabidhi kuku. Shaba inapimwa, inaandikiwa karatasi, ada inalipwa na mwenye mzigo, inafika pwani, inaona bahari. Haina shangazi. Wanaoichimba, bahari wameiona kwenye kalenda ya benki.

Bisi iliondoka. Begi la mtoto lilibaki kando ya mizani, na sijui kama lilipanda ya mchana, maana nilikuwa nimeshaanza kusema kwa sauti na mlinzi akaniomba nitoke nje.

Kwa hiyo nawaomba ninyi mnaosubiri habari za likizo ya wenzenu. Ajansi zina dirisha la koli. Unafika, unapima, unalipa, unapewa karatasi, mwenzako anaipokea upande wa pili akiwa na kitambulisho chake. Godoro linakubaliwa. Samaki wanakubaliwa. Kuku ulizeni wenyewe. Na mwenye siku zake 12, akibishiwa hodi usiku, aseme hana nafasi, hata kama valizi iko tupu. Mimi wiki ijayo nakwenda Nzilo na watoto. Msije.