Je, Mchezo Wetu Umelaaniwa?



Katika Kwaresima iliyopita kikundi cha vijana wa parokia yetu kilianza kutayarisha mchezo wa Mateso ya Bwana, na safari hii waliamua kuupiga picha kwa simu, ili uwe sinema ndogo ya kuonyeshwa katika mashirika. Wiki ya pili, kijana aliyecheza Yuda alishikwa na homa kali. Wiki ya tatu, simu ikatumbukia mtoni. Kufikia Jumapili ya Matawi maneno yalikuwa yamekwisha kuenea: mchezo umelaaniwa, na atakayevaa tena kanzu ya Yuda atakufa. Wachezaji watatu waliombwa kushika nafasi yake, na wote watatu wakakataa. Sisi makatekista tulicheka, tukidhani ni maneno ya kupita. Tulikosea kucheka, na sababu yake mtaiona hapo mbele.

Hofu ya namna hiyo haikuzaliwa Nyangwe. Huko Marekani, kwenye viwanda vikubwa vya sinema, watu waliosoma sana wanayo orodha yao ya sinema zinazosemwa kuwa na laana. Na moja ya sinema zinazosimuliwa sana kwa mikosi yake ilipigwa juu ya maji haya haya yanayopita mbele ya nyumba zetu.

Mwaka 1951 mwongozaji John Huston aliwaleta Humphrey Bogart na Katharine Hepburn katika Kongo ya Wabelgiji, kupiga picha za sinema iitwayo The African Queen. Walijenga kambi Biondo, kando ya mto Ruiki unaoingia katika Lualaba, karibu na Ponthierville, ambayo leo ni Ubundu, pale ambapo safari ya meli za kutoka Kindu hukoma kwa sababu ya maporomoko. Baadaye wakaenda Uganda. Mikosi haikuwakosa: siafu waliivamia kambi, mashua ya mchezo ilizama ikabidi kuinuliwa, na watu wengi wakaugua malaria na kuhara damu. Hepburn, aliyekunywa maji kwa bidii, aliugua sana. Alikuja kuyasimulia mwenyewe katika kitabu chake cha mwaka 1987. Huston na Bogart walibaki wazima, nao walisema ni kwa sababu walikunywa wiski tu. (Wapendwa, hilo si shauri letu kwenu.) Lakini tazameni: kama laana ingekuwa juu ya sinema, ingewashika kwanza mwongozaji na mchezaji wake mkuu. Ugonjwa ulifuata kikombe. Maji yalikuwa machafu.

Kabla yao, mwaka 1929, kundi jingine lilikuja Afrika ya Mashariki kupiga picha za sinema ya Trader Horn, iliyotolewa mwaka 1931. Binti mmoja, Edwina Booth, aliwekwa mbele ya kamera akiwa amevaa nguo kidogo mno, katikati ya jua kali na wadudu. Alirudi kwao mgonjwa, akateseka miaka mingi. Yeye hakutafuta mganga wa kufukuza mkosi. Aliishitaki kampuni iliyomwajiri. Tunampenda huyo binti kwa jambo hilo, kwa maana alijua kwamba madhara yaliyompata yalikuwa na mwenyewe, na kwamba mwenyewe ana anwani.

Hapo ndipo penye hatari ya neno laana. Usiku wa tarehe 23 Julai 1982, huko California, helikopta iliangushwa na baruti za mchezo katika sinema ya Twilight Zone, ikamwua mchezaji Vic Morrow na watoto wawili, mmoja wa miaka 7 na mwingine wa miaka 6. Watoto hao walikuwa wameajiriwa kinyume cha sheria, na saa ile walipaswa kuwa wamelala. Mwaka huo huo Dominique Dunne, aliyecheza katika Poltergeist, alinyongwa na mwanaume aliyekuwa mpenzi wake. Mpaka leo wapo wanaohesabu kifo chake katika laana ya sinema ile. Laana gani? Mwanaume yule ana jina, naye alihukumiwa mahakamani.

Sisi watu wa Nyangwe tungepaswa kulielewa jambo hili kuliko wengine. Tarehe 15 Julai 1871 watu wenye bunduki, waliotumikia wafanyabiashara wa pembe na watumwa, waliufyatulia risasi umati wa soko kando ya mto. Wengi waliokufa walikuwa wanawake waliokuja kuuza na kununua, na wengi walizama wakikimbilia mitumbwi. Livingstone alikuwapo, akayaandika. Waliokufa walikadiriwa kuwa zaidi ya 300. Mtu akituambia kwamba siku ile mto ulikuwa na mkosi, je, tutamshukuru? Angekuwa amewaosha mikono waliofyatua.

Turudi kwa Yuda wetu. Kituo cha afya kilimpima, kikaona homa ya matumbo, ile tunayoiita tifoidi. Mazoezi yalifanyika pwani ya mto, juani, na bidoni ya maji ya kunywa ilijazwa hapo hapo, bila kuchemshwa. Sisi wakubwa tulikuwapo, tukanywa pia, na hatukusema neno. Simu nayo ilianguka kwa sababu mpiga picha alisimama ukingoni mwa mtumbwi.

Lakini laana haitosheki na maji. Inataka mtu. Kabla ya Pasaka watu walikwisha kumwona: ni mdogo wake mgonjwa, mtoto wa miaka tisa, aliyekuwa akiyarudia maneno ya Yuda usiku kitandani kwa kuwa alitamani naye kucheza. Wakasema ndiye mlozi. Ndiyo maana tunasema tulikosea kucheka.

Mwingine atatuuliza: Je, ninyi makatekista hamsadiki kwamba Shetani yupo? Tunasadiki. Lakini Kanisa lenyewe, lililo na ibada ya kupunga pepo, linaagiza kwamba kwanza ihakikishwe si ugonjwa, na hakuna padri awezaye kuifanya bila ruhusa wazi ya askofu wake. Kama askofu anatakiwa kupima hivyo, jirani aliyesikia habari kisimani anatoa wapi haraka yake? Bwana wetu alipowataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, alikataa kwamba walikuwa wakosefu kuliko wengine. Wanafunzi walipomwuliza ni nani aliyetenda dhambi hata mtu akazaliwa kipofu, alikataa swali lenyewe, kisha akamponya.

Tena sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009, inayomlinda mtoto, inakataza kumshitaki mtoto kwa uchawi, nayo ina adhabu ya kifungo. Tunaitaja si kwa kumtisha mzazi yeyote, bali kwa sababu wengi hawajapata kuisikia.

Kijana aliyekuwa Yuda amepona, naye yuko tayari kuivaa kanzu tena. Maji ya mazoezi sasa yanachemshwa na akina mama wa shirika. Mdogo wake bado analala kwa bibi yake, maana baba hajakubali arudi nyumbani. Tumekwenda mara mbili kuongea naye. Tutakwenda tena Jumapili baada ya Misa, na tunaomba wale vijana watatu waliokataa kanzu waandamane nasi.