Sindano ya kupunguza uzito na bariyeri za Masisi
Na Furaha Kahindo

Mtu akikonda ghafla Masisi, mashariki mwa Kongo, majirani hawampongezi. Wanauliza chinichini anaumwa nini. Ndiyo maana habari za Wamarekani waliokuwa wakitajiwa zaidi ya dola 900 kwa dozi ya mwezi mmoja ya sindano, ili mwili upungue, hupokewa huku kwa kicheko.

Wanaocheka wangengoja kidogo. Sindano hiyo, semaglutidi ya kampuni ya Novo Nordisk ya Denmark, iliingia sokoni kwanza kama dawa ya ugonjwa wa sukari, na sukari ipo Masisi, ipo Walikale, vita au hakuna vita. Septemba 2025 Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha yake ya dawa muhimu, kwa wagonjwa wa sukari ya aina ya pili ambao pia ni wanene na wana maradhi ya moyo au figo.

Bei yake je? Machi 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, hospitali ya King's College ya London na Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) walipiga hesabu ya malighafi, utengenezaji, kodi na faida juu yake. Dozi ya mwezi, walisema, ingeweza kuuzwa kati ya senti 89 na dola 4.73. Linganisha na zile 900.

Pengo la namna hii lilishawahi kuzibwa. Mwaka 2001, dawa za UKIMWI zikiwa bado zinauzwa zaidi ya dola 10,000 kwa mgonjwa kwa mwaka, kampuni ya Cipla ya India iliwaahidi MSF dola 350. Wengine wakafuata, bei ikaporomoka. Kwa semaglutidi, hataza ya India ilipangwa kuisha Machi 2026, na viwanda vya huko havikulala.

Lakini tuseme bei imeshuka kweli, katoni imefika Goma. Kutoka hapo hadi Masisi ni kama kilomita 80, kupitia Sake. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa mwishoni mwa Januari 2025, mji ulipotekwa na waasi wa M23; ikabaki barabara. Barabarani mvua ikinyesha, motari anashuka kusukuma pikipiki kwenye tope hadi magotini, mzigo umefungwa kwa mpira nyuma ya kiti. Akitoka kwenye tope anakutana na kamba ya bariyeri. Watafiti wa taasisi ya IPIS walihesabu bariyeri 798 katika Kivu zote mbili mwaka 2017: za jeshi, za polisi, za makundi yenye silaha, hata za watoza ushuru wenye risiti halali. Penye jetoni, yaani tiketi ya kupitia, unanunua jetoni. Kila kituo kinaongeza chake, na mwisho wa safari anayelipa yote ni mgonjwa. Punguzo lililopiganiwa India linaliwa kabla ya kufika Nyabiondo, mbele ya Masisi.

Kwa hiyo hesabu ya huku haina budi kuanzia idadi ya safari. Katika kambi ya Dagahaley, Dadaab, nchini Kenya, wagonjwa wa sukari walikuwa wakienda hospitali kila siku kudungwa insulini kwa kuwa nyumbani hawana firigo. MSF na Chuo Kikuu cha Geneva waliipima insulini hiyo na mwaka 2021 wakatangaza kwamba kwenye joto la kupanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 inadumu wiki nne bila kupoteza nguvu. Maana yake, mgonjwa anaweza kwenda na chupa nyumbani. Kwa mtu wa Pinga, huko Walikale, huo ni mwezi mzima bila kupita kwenye kamba.

Semaglutidi nayo hudungwa mara moja tu kwa wiki. Kilichobaki ni wenye kamba, wawe wa serikali, M23 au wanamgambo wa Wazalendo, kuacha katoni za dawa zipite bila malipo. Kwa hilo hakuna hataza ya kungojea.