Kula cha Wenyeji mu Vijiji vya Japani



Wazee wa Musoshi wanakumbuka Wajapani waliokuja kuchimba shaba kwetu miaka ya 1970. Leo tugeuze maneno: mutu akienda kukaa kwao, si Tokyo bali mu vijiji vya milima, atakula nini? Tangu mwaka 1987 serikali ya Japani inaita vijana wa inchi nyingi kusaidia mu masomo yake, na wengi wanatumwa vijijini, pahali mugeni ni yeye peke yake. Huko watu wanaangalia kwanza namna unavyokula, njo baadaye wanasikiliza maneno yako.

Chakula kinachoshinda wageni wengi asubui ni natto. Ni soya iliyochemshwa na kuvundikwa mu joto karibu siku nzima. Zamani waliifunga ndani ya majani makavu ya mupunga, kwa sababu kijidudu kinachoivundika kinakaa humo. Ukiiinua na vijiti, inavuta kamba sawa gombo, na arufu yake ni kali. Lakini usione haya: hata Wajapani wengi wa upande wa Osaka hawaipendi.

Jimbo la Nagano liko mbali na bahari. Basi watu walitafuta kitoweo mu mashamba: panzi wa mupunga, wanaoitwa inago. Kisha mavuno wanawakamata, wanawaacha usiku mumoja ndani ya mufuko wa kitambaa ili watoe uchafu, kisha wanawapika na muchuzi wa soya na sukari mpaka wanangaa. Mutoto wa Katanga aliyezoea finkubala hatakimbia.

Kuna tena watoto wa nyigu. Muwindaji anafunga uzi mweupe kwa kipande kidogo cha nyama. Nyigu anakibeba, na watu wanamukimbilia mu pori, macho juu, mpaka kwenye shimo lake. Kule Kushihara, jimbo la Gifu, wanafuga nyigu ndani ya masanduku, na mwezi wa 11 wanashindana: nani ana kiota kizito zaidi?

Sasa, juu ya nini kuonja ni neno kubwa? Mwaka 2023, karibu watu 29 kati ya 100 wa Japani walikuwa na miaka 65 na kupita, na mu vijiji ni zaidi. Mama anayejua jani gani la pori linalikwa na gani lina sumu anazeeka, na watoto wake wako mu miji. Mwaka 2013 UNESCO iliandika upishi wa Wajapani kati ya urizi wa utamaduni usioshikika wa watu wote. Ni vizuri, lakini karatasi haivundike soya. Mukono wa mama njo unaivundika. Mugeni anayeonja na kuuliza, “Mama, munafanyaka namna gani?” anamupa sababu ya kufundisha tena.

Basi, mashauri machache kwa anayesafiri. Mbele ya kula, sema “itadakimasu”, ni kusema napokea. Usisimamishe vijiti ndani ya wali, wala usipokezane chakula kijiti kwa kijiti: hayo ni mambo ya kilio, maana mifupa ya maiti iliyochomwa wanaipokezana vile. Omba kidogo, umalize. Na kama mwili wako unakataa kitu, sema mapema, usimeze kwa haya. Kuna watu wanaougua sana kwa kula soba, na kila mwaka mupya mochi, ile keki ya wali inayonata, inakaba wazee kooni.

Wengine wanasema adabu ni kula vyote. Hapana. Adabu ni kuonja kwa moyo mweupe, na kukataa kwa maneno mazuri.

Jioni hii, mukikaa kwa bukari, muulizane: kati yetu nani anajua bado kukausha finkubala sawa nkambo? Kama hakuna, kesho mutume mutoto kwake.