Tupeni Daftari Zima

Kidichi, kwa sisi tunaokaa huku, si hamamu tu. Wageni huja kulitazama jengo lile ambalo Seyyid Said bin Sultan alimjengea mkewe wa Kiajemi mwaka 1850, wakalipiga picha, wakanusa karafuu na mdalasini katika mashamba ya jirani, kisha wakarudi mjini. Lakini nyuma ya mashamba hayo zimo nyumba, na katika baadhi ya nyumba hizo yamo makasha yenye karatasi za mashairi, nasaha, dua na hesabu za mikarafuu, zilizoandikwa kwa khati ya Kiarabu katika lugha yetu ya Kiswahili. Neno ninalotaka kulisema limeanzia katika kasha moja la namna hiyo.

Jirani yangu alilirithi kwa babu yake. Miaka mingi iliyopita alifikiwa na watafiti, watu wa adabu na ilimu, wakamwomba ruhusa ya kuzipiga picha karatasi zilizokuwamo. Akawaruhusu, akawapa na kahawa. Picha zikaenda ng'ambo, zikaingizwa pamoja na nyingine nyingi katika hifadhidata, yaani daftari la ndani ya kompyuta ambamo kila karatasi ina mstari wake: jina la utungo, mtunzi, mnakili, mwaka, idadi ya beti. Daftari hilo likawekwa katika tovuti, nasi tukafurahi. Baadaye mchwa wakaliingia kasha. Jirani akanijia, akaniomba nimtolee orodha ya vyote vilivyokuwa vya babu yake, apate japo kujua kilichopotea.

Nikaifungua tovuti. Nilikikuta kisanduku cha kuandikia neno, na kila neno nililoliandika lilinipa majibu kumi kumi, kurasa kwa kurasa, na kila jibu halikufunguka ila peke yake. Njia ya kuichukua orodha nzima haikuwapo. Nikakaa masiku matatu nikinakili kwa kalamu, kisha nikaandika barua kuomba faili la orodha yote. Nikajibiwa kwa upole kwamba hapana haja, kwani kila kitu kimo mtandaoni na kila mtu anaweza kukiona. Mwaka uliofuata tovuti ile haikufunguka tena. Leo kilichobakia mkononi mwa mwenye kasha ni zile kurasa zangu za masiku matatu. Taasisi yenyewe siitaji, kwa sababu nia yangu si kumvunjia mtu heshima, na kwa sababu kosa hili si lake peke yake.

Wazee wetu walisema: mali bila ya daftari hupotea bila ya habari. Nami naongeza: daftari linaloonekana bila ya kushikika, nalo ni mali iliyokwisha anza kupotea. Dai langu ni moja. Kila tovuti inayoweka orodha ya miswada yetu, ya tungo zetu au ya maneno yetu, na itoe orodha hiyo nzima katika faili ambalo mtu yeyote anaweza kulipakua akaondoka nalo. Kuchungulia dirishani si kuingia ghalani.

Dai hili si la kigeni wala si la vijana wa kompyuta. Ni ada ya wanakili wetu. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki takriban mwaka 1840. Tungo zake ziliishi vinywani mwa watu na katika karatasi zilizotawanyika, mpaka Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyefariki mwaka 1890, alipozikusanya na kuzinakili, akishirikiana na mmishionari William Taylor. Karatasi za Taylor leo zimehifadhiwa London katika chuo cha SOAS, na ni katika kazi hiyo ya Taylor na Sikujua ndimo William Hichens alimotoa Diwani ya Muyaka, iliyochapishwa Johannesburg mwaka 1940. Hebu tuitazame njia hiyo: kutoka kinywani hadi karatasini, kutoka karatasini hadi nakala, kutoka nakala hadi kitabu. Hapana hatua hata moja ambayo mtu aliambiwa atazame tu, asichukue. Lau Mwalimu Sikujua angaliambiwa hivyo, Muyaka leo angalikuwa jina bila ya diwani.

Tuje katika fahirisi. Mwaka 1970 J. W. T. Allen alitoa fahirisi ya miswada ya Kiswahili na Kiarabu, pamoja na kanda, zilizomo katika maktaba ya chuo kikuu cha Dar es Salaam. Ikachapwa Leiden na Brill. Ni kitabu cha zamani, na si rahisi kukipata. Lakini aliyekipata amekipata chote. Atakifungua mwanzo mpaka mwisho, atahesabu, atalinganisha, atasahihisha ukingoni kwa kalamu ya risasi, atamrithisha mwanawe. Mwenye kitabu akifa, kitabu hakifi. Mchapishaji akifunga duka, kitabu hakifungwi. Je, si ajabu kwamba baada ya zaidi ya miaka hamsini ya maendeleo tunapewa fahirisi zinazotuwezesha kufanya machache kuliko kitabu kile cha karatasi?

Sisemi kwamba kuweka fahirisi katika intaneti ni jambo baya. SOAS ilipoiweka fahirisi ya miswada yake ya Kiswahili mtandaoni, mtu wa Lamu au wa Makunduchi asiyeweza kupata tikiti ya London alipata kujua kilichoko kule, nayo ni hisani isiyokataliwa. Ninalosema ni kwamba hisani ya kuonyesha haijatimia mpaka ifuatwe na hisani ya kukabidhi.

Na jambo hili halihusu miswada peke yake; linahusu lugha yenyewe. Mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Kutoka hapo maneno ya watu wa mji huu na mashamba yake yamechotwa na kila mwenye kamusi. Mwaka 1994 Martin Benjamin alianzisha katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, kamusi ya Kiswahili ya intaneti, na watu wa kujitolea wakaijenga neno kwa neno. Hapa kwetu marehemu Haji Gora Haji, malenga wa Tumbatu, aliyakusanya maneno ya kwao katika Kamusi ya Kitumbatu, iliyotolewa na BAKIZA mwaka 2006. Kazi kama hizi huzaliwa kwa jasho la wengi: mvuvi aliyelitaja neno, bibi aliyelifasiri, kijana aliyeliandika. Basi mvuvi huyo akitaka orodha ya majina ya samaki aliyoyatoa mwenyewe, ni haki aambiwe atafute moja moja?

Ziko hoja za upande wa pili, nami nitazijibu bila ya kuzidharau.

Hoja ya kwanza ni ya wizi: tukilitoa daftari zima, wajanja watalichukua wakafanye biashara. Nakubali kwamba wajanja wapo. Lakini tuulizane, dirisha limemzuia nani? Makampuni makubwa yanayozifundisha mashine kusema lugha za watu yana kompyuta zinazopita tovuti usiku na mchana na kuzoa kurasa moja moja bila ya kuchoka. Yeye hana haja ya faili. Mwenye haja nalo ni mwalimu wa skuli ya Kidichi, mwenye simu moja na vocha ya siku. Mlango uliofungwa haukumzuia mwenye nguvu, umemzuia mwenyeji.

Hoja ya pili ni ya makosa: orodha haijakamilika, ina dosari, tukiitoa tutaaibika. Hapa ndipo ninaposhangaa zaidi, kwa sababu dosari za aina hii hazisahihishwi ila na wenyeji, na wenyeji hawawezi kuzisahihisha wasipoiona orodha yote. Khati ya zamani, kama ajuavyo kila aliyesoma chuoni, iliandika Kiswahili kwa irabu tatu za Kiarabu. Kasra ilisimama mahali pa i na mahali pa e, na dhumma mahali pa u na mahali pa o. Herufi be mara nyingi ilibeba b, p na hata mb. Kwa hiyo neno "pembe" na neno "bibi" yangeweza kuandikwa sawasawa, na msomaji akaamua kwa maana ya ubeti. Mworodheshaji aliye mbali atakosea, na si aibu yake. Lakini mzee wa Kidichi akiletewa orodha nzima, akaipitia kwa jioni mbili tatu, ataona mara moja kwamba jina la utungo huu limesomwa vibaya, na kwamba watunzi wawili walioandikwa mbalimbali ni mtu mmoja. Mficha maradhi kifo humuumbua; na mficha orodha yenye makosa huyafanya makosa yadumu.

Hoja ya tatu ni kwamba intaneti ipo kila siku, faili la nini? Anayesema hivi ama si mtu wa Unguja ama ni msahaulifu. Mwaka 2008 kisiwa hiki kilikaa bila ya umeme muda wa mwezi mmoja hivi. Kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010 tukakaa tena gizani miezi mitatu, kwa kuharibika njia ya umeme unaotoka bara. Katika miezi ile tovuti zote za dunia kwetu zilikuwa hadithi. Aliyekuwa na faili lake katika kompyuta alikwenda kwa mwenye jenereta, akalifungua, akalichapa. Aliyekuwa na kurasa zake zilizochapwa alizisoma kwa kandili. Aliyekuwa na anwani ya tovuti tu, hakuwa na kitu.

Ama hoja ya nne, nayo ndiyo ya haki, ni ya hakimiliki na ya siri za watu. Zanzibar inayo Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2003, na malenga aliye hai ana haki ya kuulizwa kabla ya utungo wake kusambazwa. Vilevile ziko karatasi za mirathi, za talaka, za madeni na za uganga ambazo si za kutandazwa barazani. Nayakubali haya yote. Lakini orodha si utungo. Kusema kwamba lipo shairi la jina fulani, la beti arubaini, lililonakiliwa mwaka fulani, lililohifadhiwa mahali fulani, si kulichapisha shairi lenyewe. Basi orodha ya tungo na itolewe yote. Tungo zenyewe zitolewe kwa idhini ya wenyewe. Na ya siri za nyumba yaondolewe kabla ya faili kufungwa. Kuwapo kwa vitu vichache vya kusitiriwa si sababu ya kuvifungia vyote.

Wala mtu asiniambie kuwa jambo hili ni gumu. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003 na kuandikwa na watu wa kujitolea, hutoa makala zake zote kwa pamoja katika mafaili ambayo yeyote anaweza kuyapakua. Na tufanye hesabu: miswada 500, kila mmoja ukielezwa kwa herufi elfu moja, ni herufi laki tano. Faili la namna hiyo ni dogo kuliko picha moja ya harusi iliyopigwa kwa simu.

Liweje faili hilo? Liwe la maandishi matupu, kila mswada mstari wake na kila habari safu yake, ili lifunguke katika kompyuta yoyote, hata iliyochakaa, bila ya kununua programu. Jina la utungo liwe katika safu mbili, moja kwa khati ya Kiarabu na ya pili kwa herufi za Kirumi, ili anayesoma moja aikague nyingine. Juu yake paandikwe tarehe lilipotolewa na idadi ya mistari, mpokeaji ahakikishe kwamba hakuna kilichodondoka njiani. Lifuatane na ukurasa mmoja wa Kiswahili unaoeleza maana ya kila safu na ruhusa anayopewa mchukuaji. Na kila orodha ikiongezeka, faili jipya litolewe, na la zamani lisifutwe.

Haya ninawadai walio ng'ambo, lakini nitakuwa mnafiki nikiwadai wao tu. Na sisi wenyewe tunazo orodha tulizozikalia: za kanda za taarabu, za mashairi yaliyosomwa redioni, za maneno ya lahaja zetu. Nyingine zimo katika kompyuta moja ya ofisi moja, na mwenye neno la siri amekwisha staafu. Tunawalaumu wageni kwa kuturuhusu tuchungulie, hali sisi hata dirisha hatukulifungua.

Kwa hiyo naanza na nyumbani. Nawaomba wahariri wa jarida hili watoe fahirisi ya kila shairi na kila makala iliyowahi kuchapwa humu, jina, mtunzi, toleo na ukurasa, katika faili moja lisilo na kufuli. Na mimi zile kurasa za masiku matatu nimekwisha zipiga chapa, mistari sitini na saba, na nakala tano ziko katika nyumba tano za Kidichi. Atakayekuja kuomba ya sita atapewa, na hataulizwa anaitakia nini.