Betri za magari ya umeme: Kwa nini Simiyu ijiandae mapema

Usiku usio na mbalamwezi, taa za wavuvi wa dagaa huonekana zikielea juu ya Ziwa Victoria katika ukanda wa Kata ya Kalemela, Wilaya ya Busega, mkoani Simiyu. Miaka ya nyuma uvuvi huo ulitegemea karabai za mafuta ya taa. Leo taa zinazotumia betri zimechukua nafasi kubwa ziwani, na nchi kavu betri zimekuwa sehemu ya maisha ya kila siku kupitia mifumo ya sola, pikipiki na magari. Wakati huohuo, katika milima ya Ngasamo wilayani Busega na Dutwa wilayani Bariadi, tafiti za kijiolojia zimebaini kuwepo kwa nikeli pamoja na kobalti, madini mawili yanayotumika kutengeneza aina kadhaa za betri za magari ya umeme.

Kwa hiyo, mkoa huu unahusika na betri katika hatua zote mbili, yaani chimbuko la malighafi na mahali ambapo betri hufikia ukomo wa matumizi. Hatua hii ya pili ndiyo isiyozungumzwa sana. Magari, bajaji na pikipiki za umeme zinaendelea kuongezeka Afrika Mashariki, na kila chombo kinachoingia nchini leo kitaacha betri iliyochoka baada ya miaka kadhaa. Jambo la msingi ni nani atakayewajibika na betri hiyo siku itakapotolewa kwenye chombo.

Betri huchoka, haizimiki ghafla

Betri ya lithiamu ya gari la umeme haifi kwa siku moja kama balbu inavyoungua. Hupungua uwezo kidogo kidogo kadiri inavyochajiwa na kutumika, na kadiri miaka inavyopita hata kama gari limeegeshwa. Watengenezaji wengi hutoa dhamana ya miaka 8 au kilomita 160,000, wakiahidi kwamba katika kipindi hicho uwezo wa betri hautashuka chini ya asilimia 70 ya ule wa awali. Joto kali, kuchaji kwa kasi mara kwa mara, na kuiacha betri ikiwa imejaa kabisa au imekwisha kabisa kwa muda mrefu huharakisha kuchoka huko.

Jambo hili lina uzito kwa mnunuzi wa Tanzania, kwa kuwa sehemu kubwa ya magari yanayoingia nchini ni yale yaliyokwisha kutumika nje. Kwa gari la mafuta, mnunuzi huuliza kilomita zilizotembea na hali ya injini. Kwa gari la umeme, swali la kwanza linapaswa kuwa afya ya betri, kwa sababu betri ndiyo kifaa cha gharama kubwa kuliko vyote katika gari hilo. Gari la bei nafuu lenye betri iliyochoka linaweza kuwa ghali kuliko gari jipya.

Maisha ya pili

Betri iliyobakiwa na asilimia 70 ya uwezo wake inaweza isitoshe tena kwa safari za gari, lakini bado ni ghala kubwa la umeme. Chukua mfano wa betri yenye uwezo wa kuhifadhi uniti 24 za umeme, kama ile ya matoleo ya kwanza ya Nissan Leaf, gari lililoanza kuuzwa mwaka 2010. Ikibakiwa na asilimia 70, bado inahifadhi takriban uniti 17. Taa ya wati 10 ikiwaka saa 10 kwa usiku hutumia sehemu moja ya kumi ya uniti. Kwa hesabu hiyo, betri hiyo moja inaweza kuwasha taa zaidi ya 150 kwa usiku mmoja, au kuhifadhi umeme wa sola wa mchana kwa matumizi ya usiku katika zahanati au shule.

Matumizi ya aina hii yapo duniani. Mwaka 2018 uwanja wa mpira wa Johan Cruijff jijini Amsterdam, Uholanzi, ulifungiwa hifadhi ya umeme ya megawati 3 iliyoundwa kwa kuchanganya betri mpya na betri zilizokwisha kutumika kwenye magari.

Hata hivyo, kazi hii si ya kubahatisha. Betri ya gari la umeme inaweza kuwa na nguvu ya volti mia kadhaa, kiasi kinachoweza kuua. Seli zake zinapaswa kupimwa moja moja, zenye afya zitenganishwe na mbovu, kisha zifungwe pamoja na kifaa cha kielektroniki kinachosimamia uchaji na joto. Seli iliyotobolewa, iliyopondwa au iliyochajiwa kupita kiasi inaweza kulipuka moto ambao ni mgumu kuuzima, na unaoweza kuwaka tena baada ya kudhaniwa umezimika.

Madini yanayoweza kurudi

Betri isiyofaa tena kwa matumizi ya pili huingia katika urejelezaji. Kiwandani humalizwa umeme uliobaki, hufunguliwa na kusagwa. Shaba, alumini na plastiki hutengwa, na unga mweusi unaobaki hubeba lithiamu, nikeli, kobalti na manganizi. Unga huo husafishwa kwa moto mkali au kwa kemikali hadi madini yapatikane tena.

Umoja wa Ulaya umeligeuza jambo hili kuwa sharti la kisheria. Kwa mujibu wa kanuni zake za betri za mwaka 2023, kuanzia mwaka 2031 betri za magari zitakazouzwa katika soko hilo zitapaswa kuwa na kiwango maalumu cha madini yaliyorejelezwa: angalau asilimia 16 ya kobalti na asilimia 6 kwa lithiamu na vilevile kwa nikeli.

Mwelekeo huo unaigusa Tanzania moja kwa moja. Januari 2021 Serikali ilisaini makubaliano ya kuendeleza mradi wa nikeli wa Kabanga wilayani Ngara, ambamo inamiliki asilimia 16 ya hisa, pamoja na mpango wa kusafisha madini hayo Kahama, katika mkoa jirani wa Shinyanga. Nchi inayojenga ujuzi wa kusafisha nikeli kutoka ardhini hujenga pia msingi wa ujuzi wa kuitoa nikeli hiyo katika betri chakavu.

Bei ya soko peke yake haitoshi

Wapo wanaoamini kwamba suala hili litajiratibu lenyewe, kwa kuwa chenye thamani hakikosi mnunuzi. Uzoefu wa Mombasa, Kenya, unaonyesha vinginevyo. Katika makazi ya Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu za risasi kilifanya kazi kuanzia mwaka 2007 hadi 2014. Betri hizo zilikuwa na thamani na soko, lakini vumbi na majitaka yenye risasi viliingia katika makazi ya watu. Phyllis Omido, aliyewahi kuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, alianza kupaza sauti baada ya mtoto wake kubainika kuwa na risasi mwilini. Mwaka 2020 mahakama mjini humo iliamuru wakazi walipwe fidia ya Shilingi za Kenya bilioni 1.3, na baada ya rufaa, Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwa upande wa wakazi. Fidia hiyo haiwezi kurejesha afya iliyokwisha kupotea, kwa kuwa risasi huathiri ukuaji wa ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama.

Betri za lithiamu zinaweza kuleta tatizo la upande wa pili. Aina inayotumia fosfati ya chuma, ambayo hutumika sana katika vyombo vya bei nafuu, haina nikeli wala kobalti. Ni betri imara na hudumu muda mrefu, lakini ikichoka mnunuzi wa vyuma chakavu hupata kidogo ndani yake. Betri ya risasi huvutia watu wa kuifungua mahali pasipostahili, ilhali hii hukosa mtu wa kuichukua, ikaishia dampo au kando ya ziwa. Ndiyo maana mpango wa betri hauwezi kuachiwa bei ya chakavu peke yake. Anayeingiza na kuuza betri anapaswa kujulikana, na pawepo njia ya kuirudisha kwake.

Sheria na wajibu wa kila mmoja

Msingi wa kisheria upo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi, salama na yenye afya. Kanuni za mwaka 2021 za usimamizi wa taka za kielektroniki na zile za taka hatarishi zinawataka wanaojihusisha na taka hizo kuwa na vibali. Aidha, Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Basel unaodhibiti usafirishaji wa taka hatarishi kati ya nchi na nchi, ambao tangu tarehe 1 Januari 2025 unataka nchi inayopelekewa taka za kielektroniki za aina yoyote iridhie kabla hazijasafirishwa.

Kinachohitajika sasa ni sheria hizo kufika hadi kwenye mwalo na gereji. Halmashauri zinaweza kutenga sehemu za kukusanyia betri chakavu katika masoko na mialo. Vyuo vya ufundi vina nafasi ya kuandaa mafundi wa kupima na kukarabati betri za lithiamu, kazi ambayo itazidi kuhitajika.

Kwa upande wao, wananchi wanashauriwa kutofungua, kutochoma na kutozika betri za aina yoyote. Kutomwaga tindikali ardhini au majini. Kutowaachia watoto kuchezea betri chakavu. Na kuuza au kukabidhi betri kwa wakusanyaji wenye vibali. Anayenunua chombo cha umeme aombe taarifa ya afya ya betri, na amuulize muuzaji ataipokea vipi itakapochoka.

Kwa familia za Kalemela, ziwa ni chakula, kipato na maji. Betri inayomsaidia mvuvi kupata dagaa usiku haipaswi kuwa ndiyo itakayoyachafua maji hayo. Maandalizi yakifanyika sasa, wakati betri za magari ya umeme bado ni chache, gharama yake itakuwa ndogo kuliko ile ya kusafisha udongo na maji baadaye.